Ijumaa ya Tangazo la Tatu

"Mama Daisy, simama. Nipe sentensi moja ya mwaka ujao."

Ticha Jebet alininyooshea kalamu ya ubao kana kwamba ananipa kijiko nionje mchuzi. Nikasimama. Wote wakanigeukia, wanawake wa majumbani mbele, walinzi na madereva nyuma, na bila kugeuza shingo nilijua kwamba kule pembeni, chini ya eesii ya kupoza hewa inayonguruma, kuna mwanamume mmoja aliyeacha kuandika.

"Bukra I go home," nikasema.

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Hicho ndicho Kiingereza cha jikoni tunachookota hapa Doha. Ukitanguliza bukra, kesho ya Waarabu, kila kitu kimekuwa cha mbele, na madam wako anakuelewa na kukujibu vivyo hivyo: bukra you wash carpet, bukra you iron. Nilikuwa nakisema tangu nilipofika, na hakuna aliyewahi kunisahihisha. Kisha Jebet, nesi wa Kikalenjin mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, akaomba chumba nyuma ya kanisa letu la Mesaimeer, akaanza kutufundisha kila Ijumaa baada ya ibada.

"Nimesema mwaka ujao, mama, si kesho. Na bukra iache langoni kwa wale wanaokagua mikoba." Akageukia ubao. "Sikilizeni. Kwa Kiswahili mnachomeka ta ndani ya kitenzi na kazi imeisha. Nitapika, nitarudi, nitaolewa. Kizungu hakikubali kuchomekwa tumboni. Kinaweka neno lake mbele, peke yake, linasimama kama askari: will. I will cook. Na cook yenyewe haiguswi. Si will cooks, si will cooking, si will to cook. Mmeshika?"

"Tumeshika."

"Ukikataa, will not. Kwa mdomo, won't. Ukiuliza, askari anaruka mbele ya mtu: Will you cook?"

"I won't," akadakia Proscovia, Mganda anayetandika vitanda hotelini, na watu wakacheka tena.

"Vizuri. Sasa kuna ndugu yake. I am going to cook. Huyu anabadilika kufuata mtu: I am, you are, she is. Tofauti yao ni hii. Simu imelia sasa hivi, hujapanga, unasema I will answer. Lakini kama kitambaa umenunua, fundi ameshakupima, kila mtu anajua, hapo unasema I am going to wear it. Umeshaamua kabla sijakuuliza."

"Ticha," Proscovia akasema, "mimi I will marry a man who has a house. Si mwanamume wa bedspace, wa kukodi kitanda."

"Hilo umeliamua sasa hivi?"

"Aa, hilo niliamua tangu Entebbe, hata ndege haijapaa."

"Basi sema I am going to. Mama Daisy, bado umesimama. Mwaka ujao ni mbali, nipe hata Desemba."

Kweli nilikuwa bado nimesimama. Tangu mume wangu Levis azikwe, mimi nilikuwa mtu wa leo. Nilisali asubuhi nikiomba mkate wa siku hiyo na nguvu ya siku hiyo, na nikasema asante jioni. Kesho nilimwachia Mungu yote, sikumwombea hata kipande. Watu waliona ni imani. Mungu na mimi tulijua kwamba kwa sehemu ilikuwa woga tu.

Nikageuza shingo. Silvesta alikuwa ananitazama kwa macho yale yale aliyonitazama nayo mara ya kwanza nje ya shule ya watoto kule Abu Hamour, yeye akiwa kwenye Land Cruiser ya bosi wake, mimi nimesimama juani nikimngoja mtoto mdogo wa madam. Hakunipigia honi wala kuniita wewe. Alishuka, akaninunulia chai ya karak kwenye kikombe cha karatasi, akakiweka ukutani karibu nami, akarudi kwenye gari bila kusema neno, nisije nikasemwa. Alifanya hivyo mpaka jua lilipopoa na mwaka ukageuka. Jina lake nililijua kanisani, siku aliyosimama kuomba maombi kwa ajili ya wadogo zake, watoto wa mama yake huko Busia ya Uganda, ambao aliwalea mpaka akachelewa kuoa.

"In December," nikasema polepole, "I am going to marry Silvesta."

Proscovia akapiga kigelegele. Walinzi wa nyuma wakagonga meza. Silvesta akainamisha kichwa, masikio yamemwiva, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyepewa kitu mikono yake ikiwa imejaa.

"Sentensi safi," Jebet akasema. "Hakuna kosa hata moja."

"Rudia," sauti ikasema mlangoni. "Rudia hiyo sentensi, nyar Bungoma, nami nijifunze Kizungu."

Sikuhitaji kutazama. Kuna mtu mmoja tu Doha nzima anayeniita nyar Bungoma, binti wa Bungoma, kwa sababu alikuwapo siku nilipoletwa kwao Ugunja kama bibi harusi. Akinyi, wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyenitafutia kazi nilipobaki mjane, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, na chumbani mwake ndimo nilimolala usiku wangu wa kwanza nikilia kwa sauti ya chini. Hotelini kwake ni msimamizi, Ijumaa huwa yuko zamu, kwa hiyo tangazo letu la ndoa liliposomwa mara ya kwanza hakuwapo, na la pili hakuwapo. Sasa alisimama na sare yake ya kazi, bado ina beji, simu mkononi.

"Karibu ndani, dada," Jebet akasema. "Kuna kiti."

"Sijakuja kusoma, ticha. Nimekuja kumchukua mke wa ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko nje?" Proscovia akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, hakujua.

"Amezikwa," Akinyi akajibu.

Mimi ni mtu wa kutazama nyuso; ukifanya kazi kwenye nyumba ambayo huelewi lugha yao, unajifunza kusoma mdomo wa mtu kabla haujafunguka. Akinyi aliposema lile neno, mdomo wake wa chini ulicheza. Nikaliona hilo, nikaliweka.

"Wifi, twende nje tuongee," nikasema.

"Nje kwa nini? Kama unaweza kumtaja mwanamume mbele ya watu, unaweza kumjibu mkubwa wako mbele ya watu." Akabonyeza spika, akaiweka simu juu ya meza yangu, juu ya kitabu changu. "Ongea. Ni Dominiko."

Shemeji Dominiko, kaka yake Levis, ndiye mkubwa wa boma. Sauti yake ilitoka ikiwa na jogoo nyuma yake.

"Mama Daisy. Habari ya huko?"

"Nzuri, shemeji. Habari ya Ugunja?"

"Ya Ugunja ni mbaya. Nasikia jina lako linasomwa kanisani pamoja na la mwanamume."

"Unasikia vizuri. Limesomwa mara mbili. Limebaki moja."

"Bila kutuambia."

"Nilimwambia mama mkwe kabla ya Pasaka. Aliniuliza tu kama huyo mtu anasali. Nikasema anasali. Akasema basi."

"Mama ni mzee, hajui anachosema."

"Anajua, shemeji. Hamkumuuliza tu."

Jogoo akawika.

"Wewe ni chi liel," Dominiko akasema. Wajaluo wawili waliokaa nyuma wakashusha macho. Maana yake ni mke wa kaburi. Ndivyo anavyoitwa mjane kwao. "Mume akifa, ndoa haifi. Unabaki wetu."

"Kaburi la Levis nalijua, shemeji. Mimi ndiye niliyelijengea. Kila likizo nalifagia kwa mkono wangu na kulisalia. Lakini halijawahi kuniita mke wake. Hayo mnayasema ninyi."

"Ukiolewa huko, nyumba yako hapa bomani itafungwa."

"Ifungeni. Ila mfungue madirisha mara moja moja, mchwa wasile makochi."

Mtu fulani nyuma akakohoa kuficha kicheko. Akinyi akageuka kumtazama, naye akaacha kukohoa.

"Unacheka," Dominiko akasema. "Na siku ukifa utalazwa wapi? Usije ukaletwa hapa."

Hapo ndipo wajane wengi tunapovunjika. Mwanamke asiye na mahali pa kulazwa, kwetu na kwao, ni kama hakuishi. Nikaishika meza. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa. Silvesta alikuwa amesimama. Nikanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kumwambia abaki hapo.

"Shemeji," nikasema, "Mungu aliyenihesabia nywele za kichwa anajua atakaponilaza. Kama ni Busia, ardhi ya Busia ni yake pia. Sitaishi miaka yangu yote nikichunga mahali pa kulala siku moja."

"Na Daisy?"

"Daisy ni mtoto wa Levis na wa boma hilo, nami ni mama yake. Hajahama, hajauzwa. Krismasi akifunga shule atakuja kuwasalimia, nanyi mtamchinjia kuku kama kawaida. Mkimnyima kuku kwa sababu ya mama yake, hayo yatakuwa yenu na Mungu."

"Akinyi," sauti ikasema, "toa hii simu kwa spika."

Akinyi akaichukua, akasikiliza sikioni, akasema "ndiyo" kwa Kijaluo, tena "ndiyo", akakata.

"Umemjibu mkubwa mbele ya watu."

"Wewe ndiye uliyemleta mbele ya watu, wifi."

"Ulimwahidi ndugu yangu."

"Nilimwahidi. Nawe ulikuwapo. Ulivaa gauni la samawati, ukanishikia maua. Niliahidi nini, Akinyi?"

Akaishika beji yake.

"Sema. Hawa wote leo wamesoma namna ya kuahidi, wacha wasikie."

"Uliahidi utakaa naye."

"Mpaka lini?"

Akatazama ubao, will na going to za Jebet, kama anayetafuta jibu humo. Nilimwonea huruma, lakini sikurudi nyuma.

"Mpaka kifo," nikasema. "Nikakaa. Figo zilipokataa, nani alilala sakafuni pale hospitalini? Nani alimgeuza, akamlisha uji, akamfumba macho? Wewe ulikuwa hapa Doha unatuma dawa, na Mungu akubariki kwa hilo, sitasahau. Lakini ile ahadi niliibeba mpaka mwisho wake, sikumwaga hata tone. Niambie ni neno gani nililosema mbele ya madhabahu ambalo sijalitimiza. Likiwepo moja, nitakufuata sasa hivi."

Eesii ilinguruma. Jebet alikuwa ameshika kalamu kifuani kama mshumaa.

"Ijumaa ijayo nimeomba ruhusa kazini," Akinyi akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyonitisha kuliko kelele. "Tangazo la tatu. Kasisi atauliza kama kuna mtu mwenye sababu. Mimi nitasimama. Nitasema mwanamke huyu ana kwao, na kwao wamekataa. Tuone kama atawafungisha."

"Simama," nikamwambia. "Kanisa ni la watu wote."

Akatoka. Mlango haukugonga, ni wa kujifunga wenyewe polepole, na ulichukua muda mrefu kumwondoa machoni.

"Darasa," Jebet akasema, "tumeishia hapo. Nendeni mkaandike sentensi za Desemba."

* * *

Nje jua lilikuwa limeukalia uwanja wa magari, vumbi jeupe, mabasi yamepangwa yakingoja watu wa ibada ya pili. Silvesta alinikuta kwenye kivuli cha ukuta. Alisimama kwa umbali ule aliouzoea, wa kikombe cha karatasi.

"Nyabo," akaanza. Ndivyo anavyoniita, kwa heshima ya kwao. "Nimekuwa nafikiri. Tumwambie kasisi asimamishe lile tangazo kidogo."

"Kwa nini?"

"Sitaki uaibishwe mbele ya kanisa kwa sababu yangu. Hao ni watu wako. Nitangoja. Mimi najua kungoja, ndiyo kazi yangu, dereva anangoja. Wakipoa..."

"Mtu wa Ugunja hapoi, Silvesta."

"Basi tuombe kwanza."

"Tumeomba. Mimi nimeomba mpaka zulia la madam limeota alama za magoti yangu. Unafikiri Mungu hakusikia, au unataka nimrudie nimwambie nilikosea?"

Akasugua shingo. Kola ya shati lake, aliyoipiga pasi mwenyewe, ilikuwa imekunjika upande mmoja.

"Naogopa," akasema, wazi, kama mtoto anavyosema. "Naogopa siku moja utalala kwangu Busia, usikie mvua, ukumbuke ile nyumba iliyofungwa, unichukie."

Huyo ndiye mwanamume niliyempenda. Wengine wangejigamba. Nikatazama pale uwanjani: watu wa kwaya, watu wa mabasi, mama mmoja wa Kifilipino na mwavuli wake, Proscovia akijifanya anatafuta kitu mkobani asitoke. Nikapiga ile hatua iliyokuwa kati yetu siku zote, nikanyoosha mkono, nikamweka kola sawa. Taratibu, pande zote mbili. Hakupumua.

"Nitakumbuka," nikamwambia. "Sitakudanganya. Nitakumbuka ile nyumba na nitamkumbuka aliyenijengea. Na utanisikia nikimtaja kwenye maombi. Kama hilo huliwezi, sema sasa, nitalia leo, na Jumamosi nitaamka kazini. Lakini usiniambie tungoje wapoe. Mimi nimengoja vya kutosha kwa watu wasionijua jina langu la kwetu. Utanioa Desemba au hutanioa?"

"Nitakuoa."

"Umefikiri?"

"Nyabo, nilifikiri ulipokuwa bado unakunywa chai ya kwanza."

Kicheko kikanitoka, na machozi nayo yakanitoka, vyote kwa mpigo, pale juani. Proscovia akaacha kutafuta mkobani, akatutazama bila aibu.

"Basi twende kwa kasisi," nikasema. "Si kusimamisha. Kuna kitu nataka kiongezwe."

Kasisi Ndirangu alikuwa anakunja kanzu yake. Alisikiliza, kidevu juu ya ngumi. Nilimwambia kuhusu simu, kuhusu Ijumaa ijayo. Kisha nikamwambia nililoliona mlangoni, ule mdomo uliocheza.

"Baba, mara zote mbili umesoma, Peninah Nasimiyu, mjane. Mjane wa nani hukusema."

"Si lazima kusema."

"Kwako si lazima. Yule msichana akiambiwa tangazo limesomwa, anasikia ndugu yake amefutwa. Ijumaa soma, mjane wa marehemu Levis Ouma. Kwa sauti. Atakayesimama, asimame jina la Levis likiwa limetajwa. Sitaolewa kwa kumficha."

Kasisi akamgeukia Silvesta. "Nawe? Ni jina la mwanamume mwingine litakaa karibu na lako."

Silvesta alifikiri, maana hajibu haraka kitu kizito. "Lisomwe," akasema. "Kama si yeye, ningemkuta mwanamke ambaye hajawahi kupendwa. Nimemkuta huyu."

"Na kama wifi yako akisimama akipinga?" kasisi akaniuliza.

"Utamsikiliza, Baba, ndiyo kazi yako. Halafu utanisikiliza na mimi."

* * *

Ijumaa ile madam alinipa ruhusa mapema, akaniambia nimevaa kama mtu anayeenda kortini. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijani, na kichwani kitambaa cheupe badala ya kile cheusi cha ujane. Cheusi nilikivua asubuhi hiyo, nikakifua, nikakianika.

Akinyi alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, peke yake. Hakuvaa sare. Alivaa gauni la Kijaluo la sherehe na shanga, kama anayewakilisha kijiji kizima, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Silvesta na mimi tulikaa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tulikaa benchi moja.

Wimbo ukaisha. Kasisi akavaa miwani.

"Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho nia ya ndoa kati ya Silvesta Wandera, kijana ambaye hajaoa, na Peninah Nasimiyu, mjane wa marehemu Levis Ouma."

Jina lile lilipotoka nilisikia hewa ikimtoka Akinyi, hata kutoka pale nilipokuwa.

"Aliye na sababu ya haki ya kuzuia wawili hawa wasifunge ndoa aiseme leo, hadharani."

Akinyi akasimama.

Nami nikasimama. Sikutaka nisemwe nikiwa nimekaa. Silvesta akasimama kando yangu, kola yake imenyooka. Kanisa zima liligeuka, viti vikalia. Nilimtazama Akinyi, naye akanitazama, na sikushusha macho. Moyoni nilikuwa nasema, Bwana, akisema lolote, nipe kinywa.

"Kasisi," Akinyi akasema, "hilo jina umelisoma nusu."

"Nisahihishe, dada."

"Ndugu yangu ni Levis Ouma Okelo. Okelo ndiye baba yetu. Huku hakuna mtu anayemjua, ndiyo maana mnamkata katikati." Akaionyesha karatasi kwa kidole. "Naomba lisomwe lote."

"Na kizuizi chako?"

"Soma kwanza."

Kasisi Ndirangu akasahihisha karatasi, akasoma tangazo upya tangu mwanzo. "...na Peninah Nasimiyu, mjane wa marehemu Levis Ouma Okelo." Alilisoma vizuri, polepole, likafika mpaka wale wa milangoni. Akinyi alisikiliza akiwa amefumba macho. Kasisi akauliza tena kama kuna mwenye sababu, akangoja. Sote tukangoja. Shanga za Akinyi zilikuwa zinapanda na kushuka shingoni.

Kisha akakaa.

Silvesta alinishika mkono. Hakuna aliyemwambia auachie, na mimi sikuutoa.

Baada ya ibada nilimkuta Akinyi nje, amejifunika mtandio dhidi ya jua, anangoja teksi. Hakunipa mkono.

"Usidhani nimekubali," akasema.

"Sikudhani."

"Dominiko ataniuliza kwa nini nilikaa. Sijui nitamwambia nini."

"Mwambie baba yenu alitajwa mbele ya mataifa."

Akatabasamu kidogo, akaliondoa haraka. Teksi ikasimama mbele yetu. Akafungua mlango, akaweka mguu mmoja ndani.

"Sikupi baraka, nyar Bungoma."

"Sikukuomba baraka. Nilitaka tu ukae chini."

"Na harusini siji."

"Utakuja."

"Nani amekwambia?"

"Nimekwambia mimi," nikasema, nikamfungia mlango.